Kikao cha Wasioweza Kutoka Nyumbani

Agripina wa Mungaa alichelewa kikao alichokitangaza mwenyewe. Alikuwa akimgeuza mama mkwe wake, Selina, aliyepooza upande mmoja. Alipofika ofisi ya kijiji alimkuta Calist, mtafiti kijana kutoka chuoni, katikati ya viti vitupu.

"Shikamoo mama. Watu wako wapi?"

"Marahaba. Uliniagiza niwaite wanaouguza walio kitandani. Wagonjwa wabaki na nani, kuku?"

Calist hakucheka. Kama Jumatano ingefika bila watu kumi wa kuhojiwa, utafiti ungehamia kijiji kingine. Agripina, aliyechaguliwa na wanakijiji kuwasemea wauguzaji wa nyumbani, alijua watafiti wakihama, huduma za wagonjwa wa nyumbani zitapangwa na watu wasiowahi kufua shuka la mgonjwa. Kumwita mtu mahali asipoweza kufika si kumshirikisha. Ni kumdhihaki.

"Basi tuwafuate," akasema. "Na karatasi zako ubebe mwenyewe."

Walianzia kwake. Calist aliketi juu ya gunia la alizeti, akamsomea Agripina swali la nne: "Kuanzia moja hadi tano, mgonjwa huyu ni mzigo kiasi gani kwako?"

Sauti ikatoka kitandani. "Wewe kijana! Umeingia hujanisalimia, sasa unanipima kilo kama mbuzi wa mnadani?"

Calist akasimama wima. "Shikamoo bibi! Nisamehe. Nimeagizwa kumhoji anayekuuguza tu."

"Marahaba. Aliyekuagiza hajawahi kuugua. Uliza hivi: ukichoka, nani anakupokea? Mkwe wangu huyu hana wa kumpokea, na hasemi. Andika!"

Agripina alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Miaka minne ya kumuuguza Selina, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Calist akalifuta swali lake, akaandika la Selina.

Siku tatu walizunguka. Kwa mzee Antipasi walikaa saa nzima, maana alikataa kuhojiwa kabla hajataja majina ya ng'ombe wake wote. Hadi Jumanne jioni walikuwa na nyumba kumi na moja.

Mkubwa wa Calist chuoni, aliyekuwa akitumiwa majibu kila jioni, akapiga simu, akataka kujua nani amebadilisha swali la nne. Agripina akaiomba simu.

"Sisi," akasema bila kupandisha sauti. "Mlisema mnatushirikisha. Ndiyo kushirikiana kwenyewe huku."

Mkubwa akamwomba amsomee swali jipya. Kisha akasema Mungaa haihamishwi, na swali hilo litumike vijiji vyote.

Selina alipoambiwa akasema, "Sasa waniletee hayo maswali mengine niyakague."