Printa Isiyo na Mdhamini

Kompyuta ya eedo, dada yake baba, ilipopata masasisho, iliikataa printa yake kuukuu: draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, haikuwa na sahihi ya kidijitali. Nje ya studio yake ya picha, Garissa nzima ilikuwa imevalia Idi, ikingoja picha.

“Kompyuta inaiuliza printa ni mtoto wa nani,” nikamweleza.

“Iambie naijua. Mimi naidhamini!”

Nikaiwasha upya kompyuta, nikazima ukaguzi wa sahihi. Picha zikatoka. Nikamwonya kwamba kompyuta ikizimika tu, ukaguzi utarudi.

Mteja akaisogelea soketi ya kompyuta na chaja yake ya simu, tayari kuchomoa plagi.

“Wallahi, gusa hapo, utabiga bicha na mbuzi!” eedo akafoka kwa lafudhi yake ya Kisomali.

Akaweka kiti mbele ya soketi, akakikalia. Hakubanduka mpaka familia ya mwisho ikapata picha. Hata chai nilimpelekea hapo hapo.