Aliyepanda Nyuma Yangu Kwenda Kalemie

Tumbo lilinisumbua miaka mingi. Pale kituo cha afya cha kijiji chetu, Niemba, nilipewa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, kisha ya minyoo tena, nami nikawa narudi shambani kulima mihogo huku nimejikaza kitenge chini ya mbavu. Asubuhi moja, nikiwa nimetoka kula bugali na sombe, majani ya mihogo, kwa wifi yangu, dada ya mume wangu, nilitapika damu nyeusi mbele ya watu.

Mume wangu alikuwa machimboni Manono. Kaka yangu ndiye aliyefika kwanza. Mimi hakuniuliza kitu. Alimkazia macho wifi.

"Weye njo ulimupa sumu."

"Papa, tulikula sahani moja!"

Hakuna aliyemsikiliza. Watu walizidi kujaa uani. Nilimwona mmoja ameshika mchi, nikataka kusema, lakini kinywa kikajaa damu tena. Muuguzi wa kituo cha afya akapenya katikati yao.

"Huyu mama anaenda hospitali ya Kalemie kwa pikipiki, sasa hivi. Mutagombana kisha. Nani atapanda nyuma amushike asianguke?"

Kaka alitaka kwanza aitwe mganga wa kutoa sumu. Wengine wakarudi nyuma. Wifi akajifunga kitenge vizuri, akapanda pikipiki nyuma yangu.

"Akifia njiani, usirudi hapa," kaka akamwambia.

"Najua."

Mvua ilikuwa imekula barabara. Kila shimo lilinichana tumbo, na kila mara mikono yake ilinikaza kiunoni. Penye daraja la magogo dereva alituteremsha, akasukuma pikipiki peke yake. Wifi akanibeba mgongoni, akipapasa kila gogo kwa unyayo kabla ya kulikanyaga, maji mekundu yakikimbia chini yetu.

"Usilale, mama. Nitukane ukitaka, lakini usilale."

Hospitalini waliniongezea damu. Nilipopata nguvu kidogo, daktari alinipitishia kooni mpira mwembamba wenye taa, akatazama ndani.

"Si sumu," alisema. "Ni kidonda cha tumbo, cha zamani. Kimefika kwenye mshipa wa damu."

Wifi hakushangilia. Alimnyooshea simu. "Dokta, semeni hivyo hivyo kwa kaka yake. Mimi hataniamini."

Nilisikia sauti ya kaka ikibisha, kisha ikapungua.

Kabla ya kuniruhusu, daktari alizungumza kwa simu na muuguzi wetu. "Akirudi bila kufuatiliwa," alimwambia, "mtaniletea maiti." Wakapatana dawa zangu zitumwe kwa dereva wa pikipiki, muuguzi azitunze kituoni na kunichunguza, na nikiona choo cheusi apige simu siku hiyo hiyo. Vidonge vya maumivu nilivyokuwa nanunua sokoni nilikatazwa kabisa, kwa sababu huchimba kidonda. Sasa watu wengine wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu, hata wa vijiji vya mbali, huja kituoni siku ya soko, na daktari huwasikiliza kwa simu ya muuguzi.

Wifi hakurudi Niemba. Alibaki kwa shangazi yake huko Kabimba, mbele ya Kalemie. Kaka alipomfuata kuomba msamaha, alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiri. Bado anafikiri. Mimi nikienda Kalemie kuonyesha tumbo, napitiliza mpaka kwake, na hatulizungumzi jambo hilo.