Mbuzi wa Lusu Katika Mshahara wa Minza

Mvua za kwanza zilipogusa mabati ya mtaa wa Ng'ambo, Minza aliacha kuandika programu akasikiliza. Chumba chake pale Tabora kilikuwa na dirisha moja, na nje yake barabara ya udongo mwekundu ambayo wazee wa mtaa husema wapagazi waliipita zamani, wakienda pwani na pembe na nta mabegani. Jioni, macho yakishachoshwa na kompyuta, Minza huwaona: mstari mrefu wa watu usio na mwanzo wala mwisho, wakitembea bila kelele ndani ya harufu ya udongo uliolowa.

Aliifanyia kazi kampuni moja ya Dar es Salaam, ya programu za kukatia tiketi za mabasi. Alianza kama kibarua wa mbali, na sasa walitaka kumwajiri kabisa. Akihamia Dar, atalipwa mshahara wa Dar. Akibaki Tabora, atalipwa kwa kadiri ya maisha ya Tabora, ingawa kazi ni ileile. Na kwa kuwa hawakuwahi kuwa na mtu Tabora, walimtumia jedwali lenye miji miwili, Dar tayari imejazwa: kodi ya nyumba, umeme, intaneti, nauli, chakula. Upande wa Tabora ajaze mwenyewe.

Minza alitamani kubaki. Dar alisomea, akaijua. Huko usingizi wake ulikuwa mwepesi kama karatasi. Hapa mawazo yalimjia taratibu, yakakaa. Lakini mdogo wake Kornel alikuwa chuoni Mwanza na ada yake ilikuwa juu ya Minza. Mshahara wa Tabora usipoitosha ada, atafungasha.

Akajaza kwa uaminifu, kama mtu anayeungama. Alipofika kwenye chakula akaandika sifuri, wala hakusita. Alikuwa hajawahi kununua mchele maishani mwake. Kila baada ya mavuno gunia lilishuka kutoka kwenye basi la Nzega, na karanga, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani hadi vikauke. Vyote vilitoka kwa mama yake, kijijini Lusu. Kwake chakula kilikuwa kitu kinachokuja, kama asubuhi.

Siku iliyofuata alipigiwa simu na Zuena wa ofisi ya utumishi, Mzaramo wa Kisarawe. Tangu Zuena ajue kwamba Minza ni Mnyamwezi hakumpa nafasi ya kupumua, kwa utani ule wa makabila yao uliozaliwa katika njia ya misafara.

"Mnyamwezi, huko unakula nini?"

"Wali na karanga."

"Wali wa sifuri? Babu zako walibeba mizigo hadi pwani, wakalipwa vitambaa. Wewe mtani wangu umebeba mzigo, na kitambaa umekirudisha."

Minza akacheka, kisha akaelewa. Bosi alikuwa ameiona ile sifuri na kuukata mshahara. Mshahara uliobaki haukuifikia ada ya Kornel hata kwa kunyoosha mkono. Zuena akashusha sauti, akamwambia atalishikilia jedwali hadi Jumatatu.

"Ila usiniandikie uongo," alisema. "Nitakayeulizwa ni mimi."

Jumamosi Minza alikuwa Lusu. Alimkuta mama yake, Marcelina, amekaa mlangoni akichambua mbegu za karanga. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla chai haijachemka alikuwa amelitoa la moyoni: kuanzia sasa mchele ataulipia, ili aandike gharama ya kweli.

Mama alicheka. Kisha hakucheka tena.

"Nikuuzie wewe? Watu watasema Marcelina hana mtoto, ana mteja."

Mbegu zilidondoka kwenye ungo, moja moja, kama mvua inayofikiri. Baada ya muda Minza aliuliza, ili tu aseme kitu, kwa nini lile jaruba la mpunga la bondeni bado lilikuwa na majani. Mama akamweleza bila kumtazama. Alipokuwa hai baba yake Minza, kikundi cha walimaji kilikuja na ngoma, kikalima siku nzima kwa mdundo. Wale hawalipwi, wanachinjiwa mbuzi na kupikiwa pombe ya mtama. Mjane asiye na mbuzi hana uso wa kuwaita. Kwa hiyo alilima mwenyewe.

Siku zote Minza alidhani mama yake anapenda kulima peke yake. Alimtazama mabega, la kulia lilikuwa limeshuka, kama mtu aliyezoea kubeba upande mmoja. Hakujua lilianza kushuka lini.

"Na nikiwachinjia mimi mbuzi?"

"Hapo hujanunua mchele," mama alisema polepole. "Hapo umelima."

Jumatatu jedwali lilirudi Dar. Kwenye chakula paliandikwa: mbuzi na mtama wa pombe ya walimaji, kila msimu. Zuena alicheka hadi akakohoa, akataka aelezwe, akaelezwa, kisha akaenda kumweleza bosi. Mshahara wa Tabora ukatoka upya: chini ya ule wa Dar, ila ada ya Kornel iliingia humo, na mbuzi pia. Minza akatia saini.

Walimaji walikuja mwisho wa wiki, asubuhi ya ukungu. Majembe yalipanda na kushuka pamoja, ngoma ikiyaita, na udongo mweusi ukageuka mstari kwa mstari, kama shamba linaloamka lenyewe. Minza alikuwa miongoni mwao, nyuma kidogo ya mdundo, malengelenge yakimchipuka viganjani. Mama alikatazwa kushika jembe. Alikaa kando ya vyungu, mikono mapajani, haijui ifanye nini.

Minza alipokuja kunywa maji, mama alimvuta karibu.

"Huyo bosi wako, aliuliza mbuzi ni wa rangi gani?"

"Hapana, mama."

"Basi hajawahi kufuga," mama alisema, akarudisha macho yake shambani.