Bibi Arusi Aliyejipikia

Kwetu, bibi arusi hagusi mwiko siku ya harusi yake. Anakaa ndani, anapakwa mafuta, shangazi zake wanamsuka nywele na kumfundisha maneno. Mimi nilipika harusi yangu mwenyewe, na niliipika vizuri. Nasema hivyo bila aibu yoyote.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji waliojificha msituni. Serikali ilikuwa imetutoa kwenye boma letu karibu na msitu, juu ya Kianjokoma, ikatupanga kijijini, nyumba baada ya nyumba, na mtaro wenye vigingi vikali ukituzunguka. Baba alikuwa kizuizini. Nyumbani tulibaki mama, nyanya na mimi. Shambani tuliruhusiwa saa chache tu, na homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, akitusindikiza na bunduki.

Mchumba wangu alikuwa wa Kanja, kijiji kingine. Alihangaika mpaka akapata pasi ya kuja na watu wake kunichukua, na pasi ile ilikuwa ya siku moja tu. Mama akasema hatungoji amani ndipo tuolewe. Msimu ulikuwa mzuri: mvua za vuli zilikuwa zimeisha, jua linawaka, na njahi, yale maharagwe yetu meusi, zimekauka kwenye maganda.

Siku iliyotangulia harusi, nyanya na mimi tulipelekwa kwenye bustani yetu ya zamani. Nyumba ilikuwa imechomwa, lakini bustani haikujua habari hiyo. Karakara zilikuwa zimepanda juu ya mabaki ya ghala, zimeiva mpaka zimejikunja ngozi. Mapera yalikuwa yameanguka chini yakinukia. Tukavuna njahi, tukakata mikungu ya ndizi mbivu ambazo ndege walikuwa wameanza kuzionja. Njahi za harusi hupondwa na ndizi mbivu, ndiyo utamu wake. Mimi nilichuma pia dania, ambayo nilikuwa nimeipanda kwa mbegu nilizopewa na dada wa hospitali ya misheni nilipokuwa nikifanya kazi jikoni kwake.

Kwenye lango la kijiji homugadi mwingine alitusimamisha. Alikuwa kijana wa upande wetu, tunamjua.

"Chakula chote hiki ni cha nani?"

"Cha harusi yangu, kesho," nikamjibu.

"Cha harusi, ama cha watu wa msituni?"

Nyanya akatua mzigo. "Wewe, mama yako alipokuzaa, uji aliokunywa ni mimi niliupika. Leo unaniuliza chakula ni cha nani?"

Yule kijana akatazama chini. Lakini mkubwa wake alikuwa amesimama hapo nyuma, anasikia kila neno. Kijana akachukua ndizi zote, akasema kwa sauti ndogo, "Hizo zingine pitisheni upesi."

Nyanya alinung'unika njia yote. Njahi bila ndizi! Watu wa Kanja watasema tumewalisha kama wafungwa. Nikamwambia, "Cucu, nyamaza. Nitaona la kufanya." Sikujua la kufanya, lakini nilijua mikono yangu.

Asubuhi ya harusi ikapigwa filimbi. Wanawake wote waende kuchimba mtaro mpaka adhuhuri. Mama akamwendea mzee wa kijiji kumweleza kwamba anaoza binti. Akajibiwa kwamba bibi arusi na kikongwe wanaweza kubaki, wengine wote jembe mkononi. Mama akarudi kuchukua jembe, akanitazama, akasema, "Basi pika. Unajua kupika."

Habari ilifika kila nyumba kabla sijawasha moto. Wanawake walipokuwa wakipita kwenda mtaroni, kila mmoja alisimama mlangoni petu kidogo. Mmoja aliacha malenge. Mwingine viazi vitamu. Jirani yetu, mjane asiye na kitu, alileta thabai, yale majani yanayowasha, ameyafunga kwa jani la mgomba. Hakuna aliyekaa kuongea.

Nikakata malenge, nikayachemsha kwa maji machache mpaka yakawa laini na matamu, kisha nikayaponda pamoja na njahi. Yakashika vizuri kuliko ndizi. Kwenye chungu cha pili nikaponda viazi na mahindi na thabai, mukimo ukawa kijani kibichi. Nilipotia dania kwenye mchuzi wa maharagwe nyanya akaruka.

"Unatia majani ya Wahindi kwenye chakula cha harusi?"

"Onja kwanza."

Akaonja. Akaonja tena. Akaenda kukamua karakara.

Wageni walifika jua likiwa utosini. Tukaenda kanisani, kibanda cha nyasi tu, na mama akaja moja kwa moja kutoka mtaroni, udongo mwekundu ukiwa umemkaukia miguuni. Nilivaa gauni la kuazima, na lilinukia moshi.

Tulikula nje, haraka, kwa sababu ya kafyu. Shangazi wa mume wangu, mwanamke mkubwa mwenye macho ya kupima, alimaliza njahi zake akauliza ni nani aliyepika.

"Bibi arusi," nyanya akasema.

Mume wangu akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Shangazi akaangalia sahani yake, akaangalia mikono yangu iliyowashwa na thabai ikavimba, halafu akasukuma sahani mbele.

"Basi niongeze," akasema. "Na ule mchuzi wa majani, nautaka pia."

Hapo vicheko vikaanza, na wale wanawake wa mtaroni wakapiga vigelegele mpaka homugadi wakaja kuchungulia. Mama alikula akiwa ameegemea ukuta, polepole, macho ameyafumba, kama mtu aliyetua mzigo.

Tulitoka kijijini jua likianza kuteremka, tukitembea haraka kwenda Kanja, shangazi wa mume wangu akiwa mbele, na mfuko wa mbegu zangu za dania niliompa ameufunga kwenye pindo la kanga yake.