Mkanda wa Mkonge Nyumbani kwa Tima

Tima aliletwa Kitui akiwa bibi harusi, akaikuta nyumba ya wageni iliyojengwa na baba mkwe wake: vyumba vya kulala juu, ukumbi mrefu wa sakafu nyekundu chini, na jiko nyuma. Mumewe alipofariki, aliendelea kupokea wasafiri mwenyewe. Aliwatambua kwa sauti kabla hawajavuka kizingiti, na wengi walidhani huo ni ukarimu tu.

Mwaka 1978 mwanawe, Salim, aliniajiri nibadilishe sura ya ndani ya nyumba hiyo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nilikosomea ushonaji wa makochi na mapazia. Salim alitaka kuta zipakwe rangi upya, na makochi yapangwe katikati ya ukumbi.

Siku niliposogeza kabati la vyombo ili nipime ukuta, Tima alitoka jikoni na sinia ya chai, akaligonga kabati. Vikombe vilivunjika. Nilipoinama kuokota vigae, nilimwona akipapasa sakafu mbali na vilipoangukia.

"Mama Salim, huoni?" niliuliza kwa sauti ya chini.

"Naona vivuli. Wewe nakuona kama nguzo iliyovaa leso." Alicheka kidogo, kisha akanishika mkono. "Usimwambie Salim, mwanangu. Atanipeleka Malindi kwa dada yake, nikae kitini nilishwe kama kifaranga. Hapa kila ukuta ninaujua."

Nilirudisha kabati mahali pake.

Mama yangu na wenzake kule Matinyani walisuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, hata wakiwa njiani kwenda sokoni. Niliwaomba wanisukie mkanda mrefu wa mkonge, ufumaji ule ule wa kiondo, nikaupigilia ukutani usawa wa kiganja. Kwenye mlango wa jikoni nyuzi zilikazwa kwa mafundo; kwenye mlango wa mbele zilikuwa laini. Makochi niliyapanga upande wa pili, njia ikabaki wazi. Nilimweleza Salim kwamba mkanda ungezuia masanduku ya wageni kukwaruza rangi. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, ingawa hayakuwa yote.

Tima aliujaribu tulipobaki peke yetu. "Hapa panakwaruza kama ulimi wa paka," alisema akiwa kwenye mafundo. "Basi hapa ni jikoni."

Kazi ilipokwisha, Salim alikuja kuikagua. Aliutazama mkanda kwa muda mrefu. Kisha akafumba macho, akaweka kiganja juu yake, akatembea polepole hadi mlango wa jikoni, ambako mama yake alikuwa akimenya vitunguu.

"Nani huyo anayenyata kama mwizi?" aliuliza Tima.

"Ni mimi, mama." Alibaki pale mlangoni, macho bado yamefumbwa, akaniambia bila kugeuka, "Fundi, umesahau ngazi. Mama hupanda juu kila asubuhi kutandika vitanda."

Kisu cha Tima kilitulia. "Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponitilia chumvi kwenye chai."

"Nawe ukainywa?"

"Nikainywa."

"Mjinga wewe," alisema Tima, akimpapasa shavu kwa mkono wenye harufu ya vitunguu.

Nilipima ngazi jioni hiyo hiyo, na kesho yake nikaenda Matinyani kuagiza mkonge mwingine.