Rika la Muuza Maziwa

Mwaka ule wa vita vya mashamba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kitale ilikuwa ya kuingia tu. Watu walimiminika kutoka chini ya mlima na magodoro vichwani, wakalala kwenye varanda za maduka. Kutoka hakukuwezekana, maana barabarani walikaa vijana wenye mishale. Kalasinga mwenye mashine ya kusaga aliwaachia kina mama stoo yake wapikie uji, kisha akasimama mlangoni akigombeza kila aliyemwaga unga.

Muuza maziwa wetu alinaswa humo mjini. Alikuwa mzee wa mlimani, wa kabila la hao wenye mishale, na kwa miaka mingi aliteremka kila asubuhi na baiskeli yake. Hata moshi ulipoanza kuonekana aliteremka, ati ng'ombe hajui vita. Alipotaka kurudi njia ilikuwa imefungwa, akabisha kwangu. Mimi nilikuwa fundi wa kushona, mjane, mwenye chumba kimoja cha kupanga na mdomo mkali. Nilimkasirikia kwa kuja, nikajikasirikia kwa kufungua.

Siku ya tatu asubuhi vijana wa mtaa wetu walikuja na marungu.

"Mama, toa huyo mtu wa mlima. Hatuna shida na wewe."

Nilisimama mlangoni na mkasi wangu wa kazi. Nikamwambia kiongozi wao, "Mama yako alikauka matiti ukiwa mchanga. Si ni maziwa ya huyu yalikulea?"

Akainamisha macho, lakini wenzake walikuwa nyuma yake, na aibu ya kurudi mikono mitupu ni kubwa. Akasema basi, mzee aulizwe rika lake. Ndivyo walivyowatambua wageni siku hizo. Kwetu wanaume hutahiriwa kwa rika, kila rika na jina lake, na rika wa baba yako ni baba yako. Ukimpiga, umejilaani mwenyewe.

Hapo ndipo walipokosea. Walidhani majina hayo ni yetu peke yetu. Hakuna aliyewaambia kwamba watu wa mlimani wanayo yale yale, tangu zamani za mababu.

Mzee akatoka kwenye pembe ya jiko, akajipangusa masizi. "Mimi ni Nyange," akasema.

Vijana wakatazamana, maana hilo lilikuwa jina la rika la baba zao. Ng'ambo ya njia, baba wa yule kiongozi, fundi wa viatu, alikuwa amekaa akigonga soli tangu mwanzo. Sasa akainuka.

"Nyange ya mwaka gani?"

"Ya mwaka wa nzige."

"Hata mimi ni wa nzige," fundi akasema, akavuka njia polepole. "Kumbe ni wewe, mjinga huyu? Miaka yote unaniuzia maji meupe, na mimi nakuheshimu bure."

"Na wewe viatu vyako vinacheka kabla ya Jumapili, bana."

Marika wana ruhusa ya kutukanana hivyo, na asiye rika hana. Kila mtu pale alielewa. Mtu akaanza kucheka, kisha wote. Fundi akamgeukia mwanawe: "Mletee baba yako kiti."

Kijana akaweka rungu chini, akaleta. Niliona fahari ambayo sijaiona tena. Nililia mbele ya watu, mimi ambaye silii.

Mzee alihamia kwa fundi, akala huko hadi mapigano yalipopungua. Alipoondoka, yule kijana alimsukumia baiskeli, ingawa nilimwambia ni wazimu. Walipofika kwenye miti ya chini ya mlima wakatokea vijana wa upande wa pili, upinde umevutwa. Wakauliza huyu ni nani.

Mzee akasimama mbele yake. "Ni mtoto wangu," akasema, akawatajia rika la baba wa kijana.

Kijana alirudi mchana, peke yake, kwa miguu. Mama yake alikuwa anamngoja njiani.