Barua ya kompyuta imerudishwa ofisini leo

Leo mzee mwenye ghala ameuliza kama nimekufa.

Ngojeni niwaeleze. Mimi ni karani. Wiki iliyopita bosi alileta programu ya kompyuta inayoandika barua, akaniambia kwa upole nianze kuangalia kazi kwingine.

Barua ya kwanza ya programu hiyo ilikwenda mtaa wa Kuze kwa huyo mzee, kumuomba atuongezee mwaka mmoja kwenye mkataba wa kupanga ghalani kwake.

Asubuhi mzee kaja mwenyewe, barua mkononi.

"Yule binti aliyekuwa akiniandikia, kafa?"

"Yupo, mzee," bosi akajibu.

"Basi huyu ni nani? Hakunisalimu, hakuniuliza hali, kaanza na ghala tu!"

Bosi akanisogezea karatasi. Mngekuwa nyinyi mngecheka? Mimi nilijizuia, wallahi.

Nikaandika upya, mzee kakaa palepale ananisubiri. Salamu mistari minne, na goti lake linalomuuma nikaliulizia. Akasoma yote, akatabasamu, akautia mkataba sahihi.

Alipoondoka, bosi akaniuliza kama naweza kuifundisha ile programu kusalimu.

Nimemwambia inshallah.

Lini, sikusema.